Valizi Yenye Mtu Ndani

Kijana mbeba mizigo pale bandarini Goma aliinyanyua valizi yangu kidogo, akaitua, akanitazama usoni. "Mama, muko na mutu ndani ya iyi valizi?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, ila kwa aibu, maana nilikuwa nimekuja kwa siku nne tu.

Hiyo ilikuwa 2019. Kazi yangu ni kufundisha vikundi vya akiba, vile tunavyoviita huku AVEC: wanawake ishirini na kitu, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, daftari, na hesabu za kila juma. Naishi Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Kadutu, na vikundi vyangu vimetawanyika Goma, Minova, Kalehe, Uvira, hadi kisiwani Idjwi. Kwa hiyo niko njiani mara kwa mara. Na kwa miaka mingi nilisafiri kama bibi harusi anayehamia kwa mumewe.

Mlikuwa na nini ndani? Magauni mawili ya sherehe, isije ikatokea nikaalikwa mahali. Jozi nne za viatu. Patalo mbili za jinzi, nguo nzito kuliko zote na yenye uvivu wa kukauka kuliko zote. Taulo kubwa kama shuka. Pasi. Ndiyo, pasi ya umeme, kwenda kwenye nyumba ambazo umeme huja ukipenda. Blauzi sijui ngapi, kila moja ikidai sketi yake na kuzikataa za wenzake. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevaa vitu sita. Vingine vyote vilitembezwa tu, vikaona ziwa, vikarudi.

Valizi yenyewe ilikuwa ya magurudumu. Aliyeniuzia aliisukuma kwa kidole kimoja kwenye sakafu ya duka lake, nikaona nimefika Ulaya. Lakini Goma si sakafu ya duka. Ukitoka tu kwenye barabara za lami unakanyaga mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, yaliyoganda na kuchongoka, mengine ni ya ule mlipuko wa Januari 2002 uliopita katikati ya mji. Gurudumu la kwanza lilipasuka kabla sijafika nilikolala. Nikamlipa mwenye chukudu, ule mkokoteni wa mbao wenye usukani kama wa baiskeli, anisogezee mzigo, valizi ya magurudumu imebebwa juu ya magurudumu ya mbao. Na Bukavu si afadhali: kwetu unafika kwa kushuka vijia vya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha hata mbuzi anapima hatua. Yaani nilinunua magurudumu ya miji isiyo yangu.

Hata hivyo sikujifunza. Aibu ya bandarini nikaisahau, nikaendelea hivyohivyo miaka miwili.

Mei 2021 nilikuwa Goma tena na valizi ileile, gurudumu limebaki moja. Jumamosi tarehe 22, jioni, anga likawa jekundu upande wa mlima. Usiku ule tulikimbia, asubuhi tukarudi. Lava ilikuwa imesimama kaskazini mwa mji, si mbali na uwanja wa ndege. Kisha yakaja matetemeko, siku baada ya siku, vikombe vikigongana kabatini usiku na mchana hadi mwenye nyumba akavitoa vyote na kuvipanga sakafuni. Alhamisi tarehe 27, kabla hakujapambazuka, gavana akatangaza kwamba mitaa kumi ya mji ihame: mlima ungeweza kulipuka tena, nchi kavu au chini ya ziwa, bila kupiga hodi.

Mwenyeji wangu akanipa mkoba wa shule wa mtoto wake. "Yaya," yaani dada, "beba ile tu utaweza kutembea nayo."

Nikasimama juu ya valizi iliyo wazi. Nilikuwa na dakika kumi hivi, na mpaka leo naiona mikono yangu. Ilienda moja kwa moja kwenye gauni la sherehe, lile la shanga shingoni, ambalo nililipia kwa fundi kwa awamu tatu. Kisha viatu vya ngozi vya kisigino. Kisha simu na chaja, hapo angalau nilikuwa na akili. Pulovere niliiacha kwa sababu ilikuwa ya mitumba na imechakaa viwikoni. Vikwembe, yaani vitenge, nilikuwa navyo viwili: kimoja nilikuwa nimejifunga, kingine kikabaki kitandani. Mtu akiwa na hofu, mkono wake unakimbilia kilichomgharimu.

Bandarini watu walikuwa wamejaa hadi majini, kwa hiyo nikafuata umati wa Sake, kilomita ishirini na tano hivi. Sitaieleza njia ile. Aliyekuwepo anaijua na asiyekuwepo aliiona kwenye simu. Nitaeleza usiku. Nililala barazani kwa watu, baridi imeingia kwenye mifupa, gauni la shanga nimelikunja kuwa mto. Asubuhi mtoto mmoja alinionyesha kidole na kucheka: nilikuwa na alama za shanga shavuni, mstari mzima, kama mtu aliyechanjwa.

Karibu yangu alilala mama mmoja na watoto wawili. Alikuwa na vikwembe viwili, hana mkoba. Usiku kimoja alikitandika, kingine akajifunika pamoja na watoto. Kulipokucha, alichotandika akambebea mdogo mgongoni, alichojifunika akakizungusha kuwa ngata, akajitwika bidoni na kwenda kutafuta maji. Aliporudi akakifungua, akajitanda kichwani kwa sababu jua lilikuwa limeanza kuwaka. Nilimtazama kwa muda mrefu, mimi na shanga zangu. Mzigo wake wote alikuwa ameuvaa.

Siku ya tatu nikafika Bukavu kwa kupitia Minova na Kalehe. Shangazi yangu anauza vikwembe soko la Kadutu tangu mimi niko msichana. Nikaenda kwake nikitafuta huruma. Alinicheka kwanza, chai ikaja baadaye. Akaliweka lile gauni juu ya meza yake, akaanza kunihoji kama jaji: "Iyi, siku ya kilio unaivaa? Siku ya kuumwa? Siku ya kulala kwa watu?" Nikajibu hapana mara tatu. "Basi iyi ni mugeni mwenye hasaidiake kuosha sahani."

Tangu siku hiyo kitu hakiingii mkobani mwangu kabla sijakitajia kazi tatu. Ni kipimo cha shangazi, si changu, na kimeondoa vitu vingi kuliko nilivyotegemea. Pasi ilianguka swali la pili.

Kilichopanda daraja ni kikwembe, na hapa naomba muda kidogo. Kipande cha yadi sita kinatoa vikwembe vitatu vya yadi mbili, yaani mita moja na sentimita themanini na kitu kila kimoja. Kwa kawaida fundi anakata viwili: kimoja sketi, kingine libaya, yaani blauzi yake. Cha tatu kinabaki bila kushonwa, cha kujifunga juu. Hicho cha tatu ndicho ninachokisemea. Wengi wanakichukulia kama pambo la seti, wanakiacha kabatini kinasubiri harusi. Mimi nimekitumia kama blanketi kwenye meli ya usiku kati ya Bukavu na Goma, ambako upepo wa ziwa saa nane usiku hauna adabu. Nimekitumia kama pazia kwenye chumba cha kulala wageni Idjwi chenye dirisha lisilo na kitu. Kama shuka juu ya godoro nisiloliamini. Kama taulo. Kama stara ya kuogea nje. Siku moja kama kombeo, pale mwenzangu alipoanguka kwenye pikipiki akavunjika mkono karibu na Kalehe.

Lakini kiwe cha zamani. Kikwembe kipya kina wanga wa kiwandani, ni kigumu na maji yanateleza juu yake. Ukijipangusa nacho unahisi unajipangusa kwa gazeti. Kilichofuliwa mara kumi ndicho kinachokunywa maji. Na kikiwa cha bei nafuu, kijaribu kabla ya safari: lowesha ncha, sugua juu ya kitambaa cheupe, uone kama kinatoa rangi. Mimi nilijifunza hilo kwa blauzi ya krimu iliyolala na kikwembe chenye unyevu ndani ya mkoba mmoja. Waliachana asubuhi, blauzi ikiwa na maua ya buluu ambayo haikuzaliwa nayo.

Nguo zingine siku hizi ni hizi. Sketi mbili, moja kahawia, moja buluu iliyokolea, za kitambaa mchanganyiko wa pamba na poliesta kisichokunjamana. Blauzi tatu, zote zikubaliane na sketi zote mbili. Hesabu hiyo inanipa mavazi sita, na nikiongeza kikwembe cha kujifunga ni tisa. Pulovere moja, ile ya mitumba, niliyoirudia Goma baada ya mji kutulia nikaikuta bado iko kwa mwenyeji wangu, salama. Koti jepesi la mvua. Kitambaa cha kichwa. Nguo za ndani za siku nne, hata safari ikiwa ya wiki mbili. Viatu vilivyofunga navivaa, kandambili zinaingia mkobani. Viatu ndiyo adui mkubwa wa mzigo. Jozi ya tatu sitaibeba tena hata nikialikwa Ikulu.

Kahawia nimeichagua kwa sababu ya udongo, sikufuata mtindo. Vumbi la Goma ni jeusi, la lava. Tope la Bukavu ni jekundu. Nyeupe inakufa kote kuwili. Nyeusi inaonyesha vumbi kuliko watu wanavyodhani. Rangi ya kahawa inasamehe vyote.

Halafu kuna suala la hali ya hewa, linalowafanya watu wabebe nguo za nchi mbili. Kutoka Bukavu kwenda Uvira unaanzia kwenye Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 hivi juu ya bahari, unaishia kwenye Tanganyika, mita 770 hivi. Unashuka karibu mita mia saba ndani ya nusu siku. Asubuhi unatetemeka Nyawera ukitafuta gari, mchana Kamanyola unatoka jasho hadi kwenye kope. Zamani nilibeba nguo za baridi fungu moja na za joto fungu lake. Sasa navaa zilezile kwa kupandisha na kupunguza: blauzi nyepesi ya mikono mirefu chini, pulovere juu, koti juu ya pulovere. Kamanyola koti na pulovere vinatoka, vinakuwa mto garini. Mikono mirefu inabaki, kwa sababu jua la bonde la Ruzizi linachoma na jioni kuna mbu.

Kufua ndiko kunakowatia watu wasiwasi. Uvira si tatizo, unaanika jioni, asubuhi imekauka. Bukavu na Goma wakati wa mvua, yaani kuanzia Septemba hadi Mei, pamba nzito inaweza kukaa kwenye kamba siku mbili na kuanza kunuka kabla haijakauka. Mbinu ninayoitumia ni ya zamani: ukishakamua blauzi kwa mikono, ilaze juu ya kikwembe kikavu, vikunje pamoja kama chapati ya kuviringisha, mwenzako ashike ncha moja wewe ushike nyingine, mkaze kila mmoja upande wake hadi iwe kamba ngumu. Ukiwa peke yako, funga ncha moja kwenye kitasa cha mlango. Maji yanahamia kwenye kikwembe. Blauzi nyepesi ukiianika baada ya hapo saa mbili za usiku, asubuhi unaivaa, labda kola tu ndiyo ina ubaridi kidogo. Jinzi haikubali mbinu hii, na ndiyo sababu nilitengana nayo.

Kwenye mpaka nako kulinifundisha jambo. Magari mengi ya Uvira niliyopanda yalipitia Rwanda, upande wa Bugarama, kwa sababu ya lami. Mara ya kwanza nguo zangu zote nilikuwa nimezigawa kwenye sashe za plastiki, safi kabisa, nikijiona mtaalamu. Rwanda imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008. Nilifungua mkoba mbele ya watu, nguo za ndani zikatoka moja moja, sashe zikaingia kwenye pipa. Sikuwa na wa kumlaumu, sheria haikuanza siku hiyo. Sasa nafungia nguo ndani ya kitambaa cha kichwa, fundo moja, natoa fundo lote kwa mkono mmoja, mkaguzi anabonyeza, tunaendelea.

Kuna wenzangu wanaoniambia habari hizi ni za wazungu. Nimeziona video zao: mtu ana mkoba mdogo, fulana mbili za sufu laini ambazo kwa bei ya moja ningenunua vikwembe vya mwaka mzima, anatabasamu, anasema sasa yuko huru. Sawa. Lakini yeye anasafiri na kadi ya benki, akikosa kitu anakinunua. Na anafika mahali ambapo hakuna anayemngoja. Mimi nikifika Uvira ninangojwa. Huku hakuna anayesafiri mikono mitupu, na mizigo ya watu ndiyo safari yenyewe: dada ya mtu anatuma dawa, mama mkwe anatuma maharage, jirani anatuma bahasha na kiatu kimoja cha kupelekea fundi ili atengeneze cha pili. Ukikataa, umesema kitu kikubwa kuliko ulichokusudia.

Enzi za valizi nilikuwa nakataa. "Aksanti, mama, lakini hakuna nafasi." Na kweli haikuwepo, ililiwa na viatu jozi nne. Kumbe kilichonifanya nionekane mwenye roho mbaya mtaani ni pasi na taulo. Sasa mkoba wangu unajaa nusu kwa vitu vyangu, nusu nyingine ina wenyewe. Kwenda Uvira napeleka sambaza wakavu wa Kivu, samaki wadogo kama dagaa, jambo linalowachekesha wa kule, kwa sababu sambaza mwenyewe ni mtoto wa Tanganyika: waliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla ya hapo ziwa letu halikuwa nao. "Mumemurudisha kwa bibi yake," aliniambia mama mmoja wa kikundi akipokea kifurushi.

Nisiseme kila mahali mambo yamekwenda vizuri. Kinshasa nilianguka. Nilipanda ndege na sketi zangu mbili nikiwa na majivuno, semina ya siku tano, na siku ya tatu mwenzangu mmoja akaniuliza kwa upole wa kuumiza kama mzigo wangu umepotea uwanja wa ndege. Kule watu wanaangaliana kuanzia kiatu. Nikatoka mchana nikanunua vitambaa viwili vya kichwa, kimoja cha njano kali, na siku mbili zilizobaki nikabadilisha kichwa tu. Hakuna aliyeuliza tena. Mmoja akasifia "robe mpya", yaani gauni jipya, nayo ilikuwa sketi ya Jumatatu. Hata hivyo siwezi kudai nilikuwa na amani. Nilikuwa nahesabu watu walioniona jana.

Kosa langu jingine ni la kujaza mkoba hadi kooni kwa vitu vichache vilivyochaguliwa vizuri, nikidhani kuchagua kunatosha. Nafasi inatakiwa ibaki. Uvira kulitokea kilio katika familia ya mama mmoja wa kikundi, ndugu wakashona kikwembe cha aina moja, wakanipa changu. Hukatai kikwembe cha kilio. Machi nako ni hivyo, kila kikundi kinataka uvae chao tarehe 8, Siku ya Wanawake. Nguo zinakujia zenyewe njiani, kwa hiyo sasa natoka nyumbani na mkoba wenye shavu lililobonyea.

Safari ya mwisho ya Uvira nilirudi na mchele wa bondeni kilo tano na ndagala kavu, yaani dagaa, za majirani watatu. Ndagala nilizifunga kwenye gazeti, gazeti kwenye kitambaa, na kwa kuwa Kamanyola kulikuwa na joto pulovere ilikuwa mkobani, nikaitumia kuzizungushia zisivunjike. Zilifika nzima, hata moja haikukatika kichwa, na shangazi alinisifu. Pulovere nimeifua mara nne sasa. Ikiwa kavu haina neno. Ikinyeshewa tu kidogo, hapa kwenye ngazi za Kadutu, aliye nyuma yangu ananiuliza ndagala nauza bei gani.